Kalibu ya lenzi ya simu hupimwaje bila kuguswa? Dhana potofu na ukweli

Mama mmoja anayeanika dagaa pale mwalo wa Kibirizi aliniletea simu yake msimu wa mvua uliopita. Nilipomwamkia aliitikia, "Marahaba mwanangu. Hebu nitazamie hii kamera, siku hizi inaona ukungu." Kuna mtu alikuwa amemsugulia kioo cha kamera kwa dawa ya meno ili kuondoa mikwaruzo, na kwa macho kazi ilikuwa nzuri: kioo kinang'aa. Lakini kila picha ilitoka kama imepigwa ndani ya moshi wa kuni. Mama wa watu hakuelewa, na alikuwa na haki ya kutoelewa. Kitu kinang'aa, kwa nini kisione?

Swali lake limenikaa kichwani. Kabla ya kurudi Kigoma na kufungua meza yangu ya simu hapa Mwanga nilisoma ufundi mitambo, na somo la vipimo ndilo nililolipenda kuliko yote. Naumia nikisikia linavyochukuliwa kirahisi, hata na sisi mafundi. Kwa hiyo naanzia mbali kidogo, kule lenzi inakozaliwa, kwenye kalibu, yaani foromo inayoipa lenzi umbo.

Dhana: Lenzi za kamera ya simu ni vioo, na kila kimoja husuguliwa peke yake

Unachokigusa kwa nje ni kioo kweli, lakini hicho ni kifuniko tu. Lenzi zenyewe zimo ndani ya kikopo cheusi kisichozidi kifungo cha shati, zimepangwa tano, sita au saba zikifuatana, na katika simu nyingi zote ni plastiki. Zipo simu zilizochanganya lenzi ya kioo humo ndani, ila plastiki ndiyo iliyotawala. Plastiki hiyo huyeyushwa, husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, hupoa, kisha hutolewa. Kalibu moja huwa na matundu 8, 16 au zaidi, na kila tundu hutoa lenzi yake kwa kila mzunguko.

Ndiyo maana kipimo cha kalibu kina uzito kuliko kipimo cha lenzi. Lenzi moja ikiharibika umepoteza lenzi moja. Tundu la kalibu likiwa na kasoro, kila lenzi itakayotoka humo inairithi, malaki kwa malaki, mpaka mtu agundue.

Sehemu ya kalibu inayoupa uso wa lenzi umbo lake huwa ni chuma kilichopakwa tabaka la nikeli yenye fosforasi, kisha kikakerezwa kwa ncha ya almasi kwenye mashine ya usahihi wa hali ya juu. Mbinuko wake si kipande cha mpira wa duara. Hubadilika kutoka katikati kwenda ukingoni, na katika baadhi ya lenzi hubonyea kisha hubinuka tena. Kosa la umbo linaloruhusiwa mara nyingi ni mikromita 0.1 hadi 0.2 (mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Unywele wa mtu una unene wa mikromita 50 hadi 100. Chukua unywele mwembamba, ugawe unene wake mara 500, na kipande kimoja ndicho kosa lenyewe.

Dhana: Uso ukishang'aa kama kioo, uko sawa

Chukua kijiko kipya cha chai ujitazame ndani yake. Kinang'aa kabisa, lakini uso wako umegeuka juu chini. Mng'aro unakwambia kwamba uso ni laini. Haukwambii una umbo gani.

Kwenye kalibu hivi ni vipimo viwili mbalimbali. Ulaini huhesabiwa kwa nanomita chache, na nanomita moja ni sehemu moja ya elfu ya mikromita, na almasi nzuri huufikia bila shida. Umbo ni habari nyingine. Ncha ya almasi ikikaa pembeni kidogo tu ya kitovu cha mzunguko, huacha kichuchu katikati ya kalibu, na kichuchu hicho kinang'aa sawasawa na sehemu iliyobaki. Hakuna jicho litakalokiona wala kidole kitakachokihisi. Anayeikagua kalibu kwa kuiinamisha kwenye taa na kusema "hii safi" hajapima kitu, hata awe na uzoefu wa miaka mingapi.

Dhana: Kugusa ndiko kupima kwa uhakika

Hii naielewa. Sote tulifundishwa kazi kwa kugusa: rula, kalipa, mikromita ya mkono (hicho ni kifaa cha kupimia unene, kimeitwa jina moja na kipimo). Kitu usichokigusa unakiamini vipi?

Njia ya kugusa kwa nyuso kama hizi ni sindano ya almasi inayoburuzwa juu ya uso huku mashine ikiandika inavyopanda na kushuka. Ncha ya kawaida ina nusu kipenyo cha mikromita 2, nayo hukandamiza kwa nguvu isiyofika hata sehemu moja ya elfu ya nyutoni, sawa na uzito wa punje tatu nne za mchele. Unaweza kuona ni kidogo. Lakini uzito wa punje hizo ukikalia ncha iliyo nyembamba kuliko unywele kwa mbali sana, na shinikizo linakuwa kubwa mno. Kwenye plastiki sindano inaweza kuacha mstari. Nikeli ni ngumu zaidi, ila chembe moja ya vumbi ikinaswa chini ya ncha, mkwaruzo umeingia, na ukiingia kwenye kalibu umeingia kwenye kila lenzi. Tena sindano hupita mstari mmoja tu. Kasoro iliyo kando ya mstari huo haionekani. Mwanga hukusanya vipimo vya nukta milioni moja za uso kwa sekunde chache, na hauachi alama.

Hata hivyo nisiwe mpiga debe. Zipo mashine za kugusa zinazokandamiza kwa nguvu ndogo zaidi ya hiyo, na viwanda vinaziamini mpaka leo, hasa pale kingo zinapokuwa na mwinuko mkali. Fundi wa vipimo mwenye akili hutumia njia zote mbili na kuona kama zinakubaliana.

Dhana: Kupima kwa mwanga ni kupiga picha tu na kuikuza

Hapa ndipo penye raha. Nenda Kibirizi asubuhi boti zinapojiandaa kuondoka, utazame maji ya pembeni palipodondoka petroli. (Sipendi kuiona ziwani kwetu, lakini inafundisha.) Utaona rangi zinazocheza: zambarau, kijani, dhahabu. Petroli haina rangi hizo. Utando wake ni mwembamba kiasi kwamba unene wake unakaribiana na urefu wa wimbi la mwanga. Mwanga mmoja hurudi kutoka juu ya utando, mwingine hurudi kutoka chini yake, na hukutana njiani ukielekea kwenye jicho lako. Mitumbwi miwili ikipishana umeona mawimbi yanavyofanya: mgongo ukikutana na mgongo maji hupanda, mgongo ukikutana na bonde maji hutulia. Mwanga nao ni hivyo hivyo. Unene ukibadilika kidogo, rangi inabadilika. Kwa hiyo ziwa limekwisha kukupimia utando huo, na hakuna aliyeugusa.

Jaribu nyumbani. Chukua vipande viwili vya kioo bapa cha fremu ya picha, vifute mpaka vumbi liishe kabisa, vibane kwa vidole. Michirizi ya rangi itajitokeza, na ukibana zaidi itahama. Ukihama kutoka mchirizi mmoja hadi mwingine wa rangi ile ile, nafasi kati ya vioo imebadilika kwa nusu ya wimbi, karibu robo ya mikromita. Mikono yako imefanya kazi ambayo rula haiiwezi. Chuoni tulikagua nyuso za mikromita ya mkono kwa kioo bapa kwa njia hii hii, na siku ile nilipoona pete za kwanza sikutaka kwenda kula.

Interferomita ndiyo mashine iliyoufanya mchezo huo kuwa kipimo. Albert Michelson aliijaribu ya kwake mwaka 1881, na mwaka 1907 akapewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia kwa vyombo vyake vya mwanga. Mwanga hupasuliwa mara mbili: sehemu moja huenda kwenye uso wa marejeo unaojulikana, nyingine huenda kwenye kalibu, kisha zote hurudi na kukutana. Leza nyekundu ya heliamu na neoni ina urefu wa wimbi wa nanomita 632.8. Kwa kuwa mwanga huenda na kurudi, kutoka mchirizi mmoja hadi mwingine ni nusu ya hapo, nanomita 316.4. Kompyuta huugawa tena mchirizi mmoja sehemu nyingi ndogo, na unafika kwenye nanomita moja moja.

Lakini mbinuko wa kalibu ukiwa mkali, michirizi husongamana mpaka kamera ya mashine ishindwe kuitofautisha. Hapo hutumika mwanga mweupe. Mwanga mweupe hutoa michirizi pale tu njia mbili zinapolingana karibu kabisa, basi hadubini hupandishwa polepole, na kila nukta ya uso huandikiwa kimo ilichowakia. Njia nyingine ni nukta moja ya leza inayokaa kwenye fokasi muda wote huku kalibu ikizungushwa chini yake, na mashine inasoma jinsi hadubini inavyopanda na kushuka kuifuata. Hakuna popote hapa ambapo mtu anatazama picha iliyokuzwa na kukisia.

Dhana: Mwanga haukosei

Mwanga hukosea, tena kwa namna inayotisha, kwa sababu kosa lake huja na tarakimu nzuri.

Kioo kikuu cha darubini ya anga ya Hubble, chenye kipenyo cha mita 2.4, kilipimwa kwa mwanga bila kuguswa. Kikang'arishwa kwa uangalifu mkubwa mpaka kikafuata umbo ambalo chombo cha kupimia kilisema ndilo sahihi. Chombo chenyewe kilikuwa na lenzi moja iliyokaa milimita 1.3 nje ya mahali pake. Darubini ikarushwa mwaka 1990, picha zikarudi zikiwa na ukungu: ukingo wa kioo ulikuwa bapa kupita kiasi kwa takriban mikromita 2. Linaloniuma zaidi ni kwamba vyombo vingine vya kawaida vilikuwa vimeonyesha dosari hiyo kabla, vikadharauliwa kwa sababu havikuaminika kama kile kikubwa. Wanaanga walikwenda kuirekebisha Desemba 1993.

Kwenye kalibu ndogo za lenzi makosa hutokea kwa njia za kila siku. Ukingo ukiinama sana, mwanga huruka pembeni na haurudi kwenye hadubini. Hadubini ya interferomita yenye ukuzaji wa mara 50 kwa kawaida hupokea mwinuko wa nyuzi kama 33 hivi, wakati kingo za baadhi ya lenzi huzidi 45. Nukta hizo hubaki tupu, na programu nyingine huzijaza kwa kukisia. Mtu asiyejua ataona ramani imejaa rangi nzuri, atasaini.

Kuna joto pia. Vipimo vya viwandani duniani hurejelea nyuzi 20 za Selsiasi. Chuma hutanuka kwa takriban mikromita 11.5 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Kipande cha milimita 5 kikipimwa kwenye chumba chenye nyuzi 30, joto la mchana la kawaida kabisa hapa kwetu, kimekua kwa zaidi ya nusu mikromita, kuzidi kosa lote linaloruhusiwa. Sehemu kubwa ya ukuaji huo ni wa kulingana pande zote na unaweza kuhesabiwa, lakini lazima kwanza mtu akumbuke kuuhesabu.

Dhana: Skana ya kawaida ya 3D inatosha

Haitoshi. Skana hizo, mashine zinazonakili umbo la kitu kwa mwanga, nyingi huhitaji uso usiong'aa, ndiyo maana watu hupulizia unga mweupe. Tabaka la unga wenyewe hufikia mikromita kadhaa. Utakuwa umepima unga.

Dhana: Kalibu ikiwa sahihi, lenzi itakuwa sahihi

Muulize mfyatua tofali yeyote wa Ujiji. Udongo ukikauka husinyaa, kwa hiyo kalibu ya mbao huzidishwa kidogo ili tofali likauke kwa kipimo kinachotakiwa. Plastiki ya lenzi nayo husinyaa ikipoa, kwa kiasi kisichofika asilimia 1, na tatizo ni kwamba haisinyai sawasawa: katikati na ukingoni kuna unene tofauti, hivyo hupoa kwa kasi tofauti. Kalibu hukerezwa, lenzi za majaribio hutolewa na kupimwa, kisha kalibu hukerezwa upya ikiwa na "kosa" la makusudi linalofuta msinyao. Kalibu nzuri, basi, hailingani na mchoro wa lenzi. Ukiipima ukaona inalingana kabisa, kuna jambo limesahauliwa. Halafu pande mbili za kalibu lazima zikutane kitovu kwa kitovu kwa tofauti isiyozidi mikromita chache tu, la sivyo lenzi itakuwa na nyuso mbili nzuri zinazotazama pembeni, na picha itafifia upande mmoja.

Sasa turudi kwa mama wa Kibirizi. Dawa ya meno ina chembe ngumu za kusugulia, zenye ukubwa wa mikromita kadhaa. Zilikuwa zimeondoa tabaka jembamba linalozuia mwanga kuakisika, zikaacha maelfu ya mikwaruzo midogo iliyoutawanya mwanga kabla haujafika kwenye lenzi. Nilikipasha joto kifuniko, nikakitoa, nikabandika kipya. Lenzi za ndani hazikuwa zimeguswa na mtu tangu zilipotoka kwenye kalibu. Alipiga picha ya kwanza palepale mezani, akaikuza kwa vidole viwili, akasoma maandishi kwenye boksi la chaja lililokuwa rafu ya juu kabisa.

"Kumbe ilikuwa inaona," akasema.