“Mbona msimbo unafanya kazi?” na dhana nyingine za watuma viraka

“Lakini mbona msimbo unafanya kazi?” Kila ninapomwambia kijana akigawe kiraka chake cha kwanza (badiliko la msimbo analotuma likaguliwe) cha kerneli, kiini cha mfumo wa Linux, jibu ni hilo. Anaona kaonewa. Amerekebisha hitilafu, akabadili majina ya fanksheni mbili, akanyoosha nafasi za mistari iliyomkera, kisha akavifunga vyote pamoja.

Kufanya kazi hakutoshi. Kiraka lazima kisomeke, na kiweze kuondolewa peke yake. Tuseme hitilafu yenyewe ni mstari mmoja tu: pointa, yaani kielekezi cha mahali kwenye kumbukumbu, ilitumiwa bila kukaguliwa kama ni NULL, yaani haielekezi popote. Ukiuzika mstari huo katikati ya mistari mia mbili iliyonyooshwa, mkaguzi atauonaje? Baadaye mashine za watu zinaanza kukwama, wanaendesha git bisect, amri ya Git (zana inayotunza historia ya msimbo) ya kusaka badiliko lenye kosa, ambayo huyagawa mabadiliko nusu kwa nusu hata elfu moja yakaisha kwa majaribio kumi hivi, na msako unaishia kwenye kiraka chako. Kati ya mambo yako matatu, lipi limeharibu? Wakikiondoa, na rekebisho la hitilafu linakwenda nacho. Ndiyo maana mwongozo wa kerneli unadai badiliko moja la kimantiki kwa kila kiraka, na kwamba katika mfululizo wa viraka kerneli ijengeke na iwake baada ya kila kimoja, si baada ya cha mwisho tu. Zana zipo: git add -p hukuletea kipande kimoja kimoja uchague, git rebase -i hukuwezesha kupanga upya. Na jaribu hili, mimi silichoki: kitaje kiraka chako kwa sentensi moja. Ukilazimika kusema “na pia”, gawa.

Wapo wanaosema msimbo unajieleza. Unaonyesha ulichofanya, hausemi kwa nini. Eleza mtumiaji aliathirikaje, na kama unajua badiliko lililoleta hitilafu, liandike kwenye mstari wa Fixes: kwa herufi 12 za mwanzo za utambulisho wake. Wanaotunza matoleo ya zamani wanautegemea.

checkpatch.pl, programu ya kerneli ya kukagua mtindo wa viraka, ikinyamaza, mtindo uko sawa. Mantiki haiijui.

Signed-off-by nayo, ule mstari wenye jina lako mwishoni mwa maelezo ya kiraka, si pambo. Ilianza 2004, wakati kampuni ya SCO ikidai Linux ina msimbo wake, na maana yake ni kwamba unathibitisha una haki ya kuutoa msimbo huo. Kama uliuandika kazini, zungumza na mwajiri kwanza.

Na kurudishiwa maoni si kukataliwa, tafadhali. Jibu kila hoja, tuma toleo lenye alama ya v2, na ueleze kilichobadilika chini ya vile vistari vitatu (---) vinavyofuata maelezo ya kiraka, sehemu isiyoingia kwenye historia. Ila usilitume jioni ileile. Acha zipite siku kadhaa, wakaguzi wengine nao wasome.