Ile sarafu ya Epidaurus imenichosha

Juzi nilikuwa kwenye kikao cha kamati ya ujenzi ya shule moja inayotaka kujenga amfitheata. Nimetandaza ramani ya mfumo wa sauti mezani, mwenyekiti akaisogeza pembeni kwa kidole. "Hizi spika za nini, injinia? Wagiriki walijenga amfitheata bila umeme, na sarafu ikidondoka jukwaani mtu wa safu ya mwisho anaisikia."

Ni mara ya nne mwaka huu. Sarafu ileile.

Mzee wangu, hiyo ya sarafu, ile ya Epidaurus kule Ugiriki, si amfitheata. Ni theata: nusu duara na ziada kidogo, imelazwa kwenye mteremko wa kilima tangu karne ya 4 KK, na karibu kila mtazamaji yuko mbele ya msemaji. Amfitheata ni kazi ya Warumi. Ni duara la yai, watu wamekaa pande zote, kama ya Pompeii ya mwaka 70 KK hivi, au Koloseo iliyofunguliwa mwaka 80 BK, mita 189 kwa 156. Mle walipigana watu na wanyama. Hakuna aliyekwenda kusikiliza shairi. Arena kwa Kilatini ni mchanga, ule wa kunyonya damu. Ukitaka kuona amfitheata hapa Dar, nenda Kwa Mkapa siku ya Simba na Yanga: watu 60,000, kila mmoja anaona mpira, na hakuna anayesikia refa anamwambia nini mchezaji. Hata zile njia zinazomwaga watu nje mechi ikiisha ni vomitoria zilezile za Kirumi. (Na hapana, hazikuwa vyumba vya kutapikia pilau.)

Ubaya wa kuzungukwa ni kwamba mdomo umewekwa mbele. Sauti nene huzunguka kichwa bila shida, lakini konsonanti, hizo s na t na k zinazobeba maneno, hukimbilia unakoelekea uso. Ukisema "pasa", aliyekaa mgongoni kwako anajichagulia: pata, paka, pasha. Anajua unaongea, hajui unaongea nini. Na ukuta uliopinda kwa ndani hukusanya mwangwi na kuutupa sehemu moja, kwa kawaida alipokaa mgeni rasmi.

Sasa kinachoniudhi hasa. Watu wanaamini umbo linakuza sauti. Umbo halikuzi kitu, nguvu hiyo litaitoa wapi? Mahali pa wazi, kila umbali ukiongezeka mara mbili sauti inapungua desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Mtu anayeongea kawaida anatoa kama 60 ukiwa mita moja kutoka kwake. Mita 2, 54. Mita 4, 48. Ukifika mita 64 umebaki na 24. Kiwanja cha shule ile kiko kando ya barabara. Nilipima saa nne asubuhi nikapata 58 kabla bodaboda hata moja haijapita. Fanya hesabu mwenyewe.

Mgiriki alichofanya ni kupunguza hasara. Alipandisha viti kwa mteremko mkali ili sauti isifike nyuma kwa kuparaza vichwa vya watu. Sakafu ngumu mbele ya waigizaji ikarudisha sauti juu haraka, ikaungana na ile ya moja kwa moja. Nyuma yao kukawa na jengo. Waigizaji walikuwa na mapafu yenye mazoezi, na hapakuwa na jenereta wala baa ya jirani. Ondoa kimojawapo uone.

Na sarafu? Mwaka 2017 watafiti wa chuo kikuu cha Eindhoven walichapisha vipimo vyao vya palepale Epidaurus. Kuitambua sarafu kuwa ni sarafu kunaishia kama katikati ya ngazi. Mnong'ono unaishia safu ya mbele. Safu za juu kabisa, lazima upaze sauti.

Hapa nikiri kitu. Kwa miaka nimewafundisha vijana wangu maelezo yaliyotoka chuo cha Georgia Tech cha Marekani mwaka 2007, kwamba ngazi za mawe huchuja sauti nene, chini ya hezi 500 hivi, ndiyo maana uvumi wa umati haufuniki maneno. Hesabu yake nzuri. Lakini ngazi zikijaa watu na mavazi yao, bado ni ngazi zilezile? Sina uhakika tena. Halafu hata vipimo vya 2017 ni vya theata iliyopoteza jengo la jukwaa na mawe yake yamelika. Alichosikia Mgiriki mwenyewe tunakibashiri sote, nikiwemo mimi mbishi.

Kuna atakayenitupia Verona, kule Italia. Kweli, ile ni amfitheata ya Kirumi kabisa na opera zinaimbwa mle tangu 1913. Angalia jukwaa liko wapi: mwisho mmoja wa yai, mapambo yamepanda juu ya ngazi za nyuma, na nyuma ya mwimbaji hakai mtazamaji. Wameikata ikawa theata. Karibu zaidi na kwetu, zile ngazi za Ngome Kongwe kule Unguja zina kuta nene za mawe zinazokinga kelele za Forodhani, na mchana pakiwa patupu unaongea raha. Tamasha la muziki la Sauti za Busara likifika, spika zinapangwa.

Basi tulitoka kwenda kiwanjani. Nikamkalisha mwenyekiti kwenye vigingi vya safu ya mwisho, mita 30, mhazini akasimama jukwaani kusoma bajeti. Bodaboda mbili zikapita. "Kasema milioni ngapi?" mwenyekiti akaniuliza.

Ramani imerudi mezani. Sasa wanataka spika moja tu, iwekwe katikati.