Je, waya mmoja ukikatika, daraja zima huanguka?

Wengi huamini kwamba daraja linaloshikiliwa na nyaya, kama lile la mto Cooper katika bandari ya Charleston, Marekani, lililofunguliwa mwaka 2005, litaporomoka waya mmoja ukikatika. Hofu hiyo inaeleweka. Hata hivyo, kila waya ni fungu la nyuzi nyingi za chuma, na daraja hilo lina nyaya 128 zinazoshuka moja kwa moja kutoka minarani hadi kwenye barabara, hivyo mmoja ukipotea, mzigo wake hubebwa na nyaya za jirani. Kinachostahili kuhofiwa zaidi ni kutu isiyokaguliwa. Anayetaka kuhakiki asome kanuni za usanifu zilizochapishwa, hasa kipengele kinachohusu kukatika na kubadilishwa kwa waya.