Maana ya athari katika uandishi: kiko cha mpelelezi wa Mwanjelwa

Neno "athari" limepata sifa mbaya. Redioni tunasikia athari za mafuriko, athari za ukame, athari za sigara, na mtu akiitwa mwathirika tunamfikiria aliyebomokewa na nyumba. Ndiyo maana ukimwambia mwandishi chipukizi wa Mbeya kwamba ameathiriwa na riwaya fulani anashtuka, kana kwamba umemshauri akapime. Wengine wanaruka kimanga kabisa: "Hii nimetunga mwenyewe, sijaiga kwa mtu."

Asili ya neno haina ubaya huo. Limetoka katika Kiarabu, ambako ni alama inayobaki nyuma, kama unyayo kwenye udongo mbichi. Wahakiki wa fasihi wanalitumia kwa maana inayokaribia hiyo: alama iliyoachwa na maandishi aliyoyasoma mtu ndani ya maandishi anayoyaandika. Wanafunzi wa vyuo watakutajia pia neno refu zaidi, mwingilianomatini. Dhana hiyo ilipewa jina na mhakiki Julia Kristeva huko Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1960, nayo ni pana kuliko athari, kwa sababu inadai kwamba kila matini, yaani kila andishi, hata barua ya mapenzi au tangazo la mnada, imefumwa kwa maneno yaliyokwisha kusemwa na wengine. Athari ni jambo la karibu zaidi. Ni kitabu ulichokipenda, na vile kinavyokuongoza mkono hata ukiwa umekisahau.

Mimi nililielewa jambo hili kwa aibu. Niliandika hadithi ya upelelezi: magunia ya viazi yanapotea usiku kwenye ghala moja huko Uyole, mlinzi anaapa hakulala, mwenye mali anamshuku shemeji yake. Mpelelezi wangu ni mwalimu mstaafu anayeshinda kwenye benchi pale Mwanjelwa, hapa Mbeya. Anavuta kiko, anafumba macho, anajibu swali kwa swali. Nikampelekea mzee mmoja fundi cherehani, msomaji mkubwa wa riwaya, ambaye huwa nampa asome kila ninachoandika. Alikaa nayo siku mbili, akiisoma kati ya mteja na mteja, utepe wa kupimia ukiwa shingoni. Nilipopita kumwamkia akaniambia:

"Mwanangu, hadithi yako tamu. Ila nieleze kitu kimoja. Hiki kiko, kakinunua wapi?"

Sikuwa na jibu. Sijawahi kumwona mtu akivuta kiko Mwanjelwa, na tumbaku yake sijui inauzwa duka gani. Watu wa hapo wanatafuna miwa, wanakunywa chai ya tangawizi, wanavuta sigara mojamoja. Kiko kiliingia chenyewe na mimi sikukiuliza kinakwenda wapi.

Kilikotoka nakujua. Nikiwa kidato cha pili nilimsoma Bwana Msa hadi majalada yakaachana na kurasa. Bwana Msa ni mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa Zanzibar ambaye hadithi yake ya kwanza ya upelelezi, Mzimu wa Watu wa Kale, ilichapishwa mwaka 1960. Na kiko cha Bwana Msa nacho kina baba yake: Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle, aliyeanza kusomwa mwaka 1887. Holmes ana rafiki yake Watson, Bwana Msa ana Najum. Kwa hiyo kiko kile kilitoka London, kikapita Unguja, kikaja kunishukia Mwanjelwa.

Tofauti yangu na Abdulla ni hii. Yeye alichukua umbo, yaani mtu mmoja mwenye jicho kali, rafiki wa kuuliza maswali ya msomaji, na siri inayofunguka pole pole, kisha akalijaza mambo ya kwao: nasaba, urithi, nani mtoto wa nani, na Kiswahili kinachocheza na maana mbili. Ukiondoa kiko, Bwana Msa bado ni Mzanzibari. Ukiondoa kiko katika hadithi yangu, ulikuwa unabaki na benchi.

Hata hivyo mfano ninaoupenda kuliko yote ni Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert. Kisa chake kimetoka katika Alfu Lela Ulela. Mle yumo liwali wa Basra, Abdullah bin Fadhil, ambaye kila usiku huwachapa mbwa wawili kwa amri asiyoweza kuikaidi, kisha huwabembeleza na kuwalisha, maana mbwa wale ni ndugu zake wa damu waliogeuzwa kwa ubaya waliomtendea. Aliyekisoma kisa hicho anaweza kumfuata Shaaban Robert hatua kwa hatua. Lakini tazama mahali alipotia mkono wake. Mbwa wamekuwa manyani. Liwali ameitwa Adili, na nduguze wanaitwa Hasidi na Mwivu, hivyo unajua tabia zao kabla hawajafungua mdomo. Basra imeondoka, imekuja nchi ya kubuni.

Kwa nini manyani? Nadhani, na haya ni mawazo yangu tu, mbwa akichapwa msomaji wa pwani hasumbuki sana. Nyani ana uso, ana vidole, anakutazama kama mtu anayekudai. Fimbo ikimwangukia, inauma zaidi kwa anayesoma. Badiliko dogo kama hilo halitoki kwa mwizi. Mwizi hana muda wa kufikiria mnyama.

Kwa kuwa nimetaja wizi: mpaka upo, na wala si mgumu sana kuuona. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi yenyewe ilivyoandikwa, hailindi wazo tupu. Mpelelezi mwerevu ni wazo. Kurasa kumi za mpelelezi wa mwenzako, zikibadilishwa majina ya mitaa tu, ni kesi.

Huku Nyanda za Juu Kusini athari ina sura nyingine ambayo mhakiki aliyekaa Dar es Salaam haioni haraka. Sehemu kubwa ya riwaya za Kiswahili tulizokua nazo zilizaliwa pwani na visiwani, na tumezimeza pamoja na hali ya hewa yake. Niliwahi kupewa hadithi iliyoandikwa na kijana wa Tukuyu. Jioni, wapenzi wawili wamekaa barazani, upepo mwanana wa bahari unapepea minazi, jasho linamtiririka binti shingoni. Kijiji chenyewe kiko chini ya Mlima Rungwe, mahali ambapo mvua haina msimu wa kupumzika na mwezi Juni unatoka nje umevaa sweta mbili. Angeandika ziwa ningemwelewa, Nyasa ipo jirani. Bahari je?

Hakuwa anadanganya. Kichwani mwake jioni ya mapenzi ilikuwa imekwisha kuandikwa, ikiwa na minazi yake na jasho lake. Mtu anaweza kumwambia aachane na vitabu vya pwani, na huo ungekuwa ushauri mbovu. Tuliketi tukaulizana minazi ile inafanya kazi gani kule ilikotoka. Inamwonyesha msomaji nyumbani ni wapi, inampa sauti ya kusikiliza wakati wapenzi wamenyamaza. Basi Tukuyu kazi hiyo inafanywa na majani ya mgomba yanapopigwa na mvua. Iringa ingefanywa na mianzi ya ulanzi alfajiri, mgema anapopita kukagua kilichodondoka usiku.

Wakulima wa parachichi wa Njombe na Rungwe wana neno linalonisaidia hapa: kubebesha. Unaotesha kokwa ya parachichi la kienyeji, mche ukinenepa kama penseli unaukata kichwa, unachomeka kikonyo cha Hass, unafunga kwa nailoni. Baada ya miaka michache unachuma Hass, aina iliyosajiliwa California mwaka 1935 na mtu wa posta aliyeitwa Rudolph Hass, lakini mizizi inayoshika udongo ni ya hapa hapa. Riwaya nyingi nzuri zimebebeshwa namna hiyo. Mfano unachechemea mahali pamoja tu: mkulima anakichagua kikonyo chake kwa macho makavu, ilhali mwandishi alichomekewa chake akiwa na miaka 13, chini ya dawati, mwalimu akifundisha kitu kingine.

Wala si lazima kitabu kilichokuathiri uwe umekipenda. Chinua Achebe, akiwa mwanafunzi Ibadan, alisomeshwa Mister Johnson ya Joyce Cary, riwaya ya mwaka 1939 kuhusu Nigeria iliyosifiwa sana na wageni. Ilimuudhi. Hasira hiyo ni mojawapo ya mambo yaliyomsukuma kuandika riwaya yake ya mwaka 1958, ambayo sisi tunayo kwa Kiswahili kama Shujaa Okonkwo. Na jina la riwaya hiyo kwa Kiingereza, Things Fall Apart, alilitoa katika shairi la W. B. Yeats. Cary alizaliwa Ireland, Yeats naye ni wa huko huko: mmoja alimkera, mwingine akampa jina la kitabu.

Ukitaka kuziona athari zako mwenyewe, kutafuta visa vinavyofanana hakutakufikisha mbali. Mimi nilichukua kaunta buku nikanakili kwa mkono kurasa tatu za riwaya niipendayo, kisha kurasa tatu zangu. Nikahesabu ni sentensi ngapi zinapita kabla mtu hajasema neno, sura inakatikia wapi, nani anaachwa bila jina. Mkono ukichoka kunakili ndipo unapoona. Nilikuta sura zangu nyingi zinaishia mlangoni, mtu anabisha hodi. Sita kati ya nane. Hodi zote zile zilikuwa za watu wengine.

Hadithi ya viazi niliiandika upya. Kiko nimekitoa; mwalimu mstaafu sasa anamenya muwa kwa kisu kidogo na maganda anayapanga benchini kwa mstari. Nikamrudishia yule mzee, akaisoma yote nikiwa nimesimama, akavua miwani.

"Kiko sijakiona," akasema. "Ila bado huyu mtu ananyamaza kwanza kabla ya kujibu, vile vile kama yule wa Unguja."

Nikamwambia hilo nimeliona, mzee, na nimeliacha.