Leseni ya vita haikuwa bahasha ya michoro

"Mchoro ukishapatikana, kiwanda chochote kinatengeneza." Kauli hii hurudi kila inapotajwa kampuni ya Packard ya Marekani, iliyopewa leseni wakati wa Vita Kuu ya Pili ya kutengeneza injini ya ndege ya Merlin, mali ya Rolls-Royce ya Uingereza. Imezidi.

Packard walikubali kazi hiyo Septemba 1940: injini 9,000, kati yake 6,000 za Uingereza na 3,000 za Marekani. Ya kwanza iliwashwa Agosti 1941. Karibu mwaka mzima ulikwenda wapi, kama michoro ilikuwa mezani? Sehemu yake ilikwenda kwenye michoro hiyohiyo. Waingereza walichora kwa mtazamo wa kwanza, ambao huweka upande wa kulia wa kifaa kushoto kwa picha kuu; Wamarekani hutumia mtazamo wa tatu, kinyume chake. Fundi aliyezoea mmoja akisoma mwingine bila kujua, tundu linatobolewa upande usio wake.

Kisha nyuzi, yaani mikato ya bolti na nati. Wapo wanaoapa kwamba Packard walizigeuza zote zikawa za Kimarekani. Hapana. Vipuri vililazimika kuingiliana na vya Uingereza, hivyo Whitworth, BSF na BA, aina za nyuzi za Kiingereza, zilibaki. Tapu na dai zake, vifaa vya kukata nyuzi, hazikupatikana Marekani, kwa hiyo Packard walizitengeneza wenyewe. Anayefungua injini hiyo leo asikimbilie boksi la bolti za Kimarekani. Bolti ya robo inchi ndiyo mtego mbaya kuliko yote: Whitworth ina nyuzi 20 kwa inchi, na ile nene ya Kimarekani vilevile 20, basi nati inaingia kwa mkono na mtu anafurahi. Lakini pembe ya nyuzi ni digrii 55 upande mmoja na 60 upande wa pili. Nyuzi zinagusana kwenye ukanda mwembamba tu; mtikisiko unailegeza, au ukikaza sana zinachunika. Nusu inchi hujisema yenyewe, 12 dhidi ya 13. BSF ya robo inchi ni 26, ile nyembamba ya Kimarekani 28. Geji ya nyuzi kwanza, spana baadaye.

Na spana yenyewe: namba ya Whitworth ni kipenyo cha bolti, si upana wa kichwa. Iliyoandikwa 1/4 ina mdomo wa inchi 0.525. Ya Kimarekani ya 1/2 haiingii, ya 9/16 inakula kona.

Packard walibadilisha mambo kadhaa, naam: kabureta ya Bendix, beringi za fedha na madini ya risasi zilizopakwa metali ya indiamu, na gia za kuendesha supachaja, pampu ya kusukuma hewa ndani ya injini. Nyuzi hazimo.

"Ford walilalamika kwamba vipimo vya Rolls-Royce vimelegea, kwa hiyo Rolls-Royce walikuwa wazembe." Upuuzi. Rolls-Royce walikuwa na mafundi wa kuoanisha sehemu moja moja kwa mkono. Ukiwa na fundi wa namna hiyo, nafasi pana kwenye mchoro haikudhuru. Ford wa Manchester, Uingereza, waliotengeneza Merlin pia, walitaka kipande chochote kikae popote bila kupigwa tupa, mikononi mwa wafanyakazi wengi wasio mafundi. Wakachora upya, wakabana vipimo, wakatoa injini zaidi ya 30,000. Mzinga wa Bofors wa milimita 40, wa kutungulia ndege, uliobuniwa Sweden, ulikuja Marekani na ugonjwa uleule: michoro yake ilikuwa na maelekezo ya kupiga tupa hadi ikae wakati wa kuunganisha. Mwambie hivyo mtu aliyesimama kwenye laini ya Chrysler, walioutengeneza huko.

Ford wa Detroit hawakutengeneza Merlin. Henry Ford aliikataa kazi hiyo mwaka 1940. Waliotengeneza ni Ford wa Uingereza.

Mwisho, kibao cha shaba cha War Production Board, bodi ya Marekani iliyosimamia uzalishaji wakati wa vita, kwenye lethi kuukuu, mashine ya kukereza chuma. Si muhuri wa jeshi, wala si onyo la ubora duni. Kinasema tu kwamba mashine inafuata maagizo ya idara ya mashine ya bodi hiyo. Muuzaji akiongeza bei kwa ajili yake, pima kwanza kitanda cha lethi karibu na chaki, yaani kishikio cha kipande kinachokerezwa, ndipo kinapolika.