Juri ikiwa chumbani, jaji naye anasubiri

Kila kesi ya polisi wa Marekani ikifika zile siku za kusubiri, posti ni zilezile: "jaji anavuta muda", "jaji anaogopa maandamano", halafu majibu yakitoka, "jaji kamkuta na hatia". Hapana jamani. Juri ni raia wa kawaida, kesi kubwa mara nyingi wanakuwa 12, wanaapishwa, wanasikiliza ushahidi hata wiki tatu, kisha wanajifungia chumbani peke yao mpaka wakubaliane kama mshtakiwa ana hatia au hana. Ndo hivyo tu, maana imeishia hapo.

Kinachoniudhi hasa ni huyu anayewaita watu wa juri wazee wa baraza halafu anamalizia kwa kujiamini kabisa "hao washauri tu, mwenye neno ni jaji". Najua mnapoitoa. Kwenye Mahakama Kuu zetu wazee wa baraza walikuwa wanakaa na jaji, wanatoa maoni mmoja mmoja, jaji anawasikiliza kisha anaamua anavyoona yeye, sheria haikumlazimisha kuwafuata. Kenya waliachana nao 2007, Tanzania tangu 2022 si lazima tena kuwaita.

Ila hiyo tofauti ya juri na wazee haikuja kwa bahati mbaya. Kenya ya mkoloni juri ilikuwepo, ya Wazungu. Mwaka 1941 Sir Jock Delves Broughton alishtakiwa Nairobi kwa mauaji ya Lord Erroll, kesi ikaamuliwa na juri ya Wazungu wenzake, wakasema hana hatia, huyoo akaenda zake. Mwaka 1956 Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, anafikishwa mahakamani Nyeri kwa kukutwa na bastola, yeye akawekewa Jaji Mkuu O'Connor pamoja na wazee watatu Waafrika wa kutoa maoni. Wote watatu walisema ana hatia, lakini hata wangesema hana, jaji alikuwa na ruhusa ya kuyaweka pembeni maneno yao na kuendelea. Yaani mkoloni alijua vizuri kabisa kipi kina meno na kipi hakina, ndo maana kimoja akajiwekea mwenyewe na kingine akatupa sisi, halafu leo tunaviita jina moja.

Nadhani kinachowapoteza watu ni TV. Aprili 20, 2021, Minneapolis, kesi ya polisi Derek Chauvin aliyemuua George Floyd, dunia nzima ilimwona jaji Peter Cahill kashika karatasi anasoma "ana hatia" mara tatu, shtaka kwa shtaka. Sasa ukimwona mtu kavaa joho anasoma si unadhani kaandika yeye? Karatasi haikuwa yake. Ilieleza kwamba juri imekubaliana siku hiyo saa 7:44 mchana, na mwenye sahihi ni kiongozi wa juri, mtu namba 19 (namba za tangu walipokuwa wanachaguliwa), hata jina halikutajwa pale. Alipomaliza kusoma akaanza kuwauliza mmoja mmoja kwa namba zao, huu ndio uamuzi wako wa kweli? Ndiyo. Anayefuata, ndiyo. Mpaka 12 wakaisha. Kama yeye ndo aliyeamua, angekuwa anauliza nini?

Na kabla ya hapo walikaa chumbani kama masaa 10 kwa siku mbili, usiku wanalala hotelini, nje jengo limezungushiwa uzio na seng'enge na wanajeshi wamejaa, na jaji muda wote huo hana la kuharakisha wala kuchelewesha, anasubiri kama wewe na mimi. Kazi yake ilikuja Juni 25, pale alipompa Chauvin miaka 22 na nusu wakati waendesha mashtaka walitaka 30. Hiyo ndo adhabu, na hiyo kweli ni ya jaji.

Sawa, mara chache jaji anaweza kuitengua juri ikisema mtu ana hatia huku ushahidi hautoshi. Ila ikisema hana hatia, imetoka hiyo, serikali haina hata pa kukata rufaa. Hapa Watanzania mtanibishia kwa sababu mnaikumbuka kesi ya Zombe, afisa wa polisi, na wenzake, ile ya wafanyabiashara watatu wa madini na dereva taksi waliouawa 2006. Mahakama Kuu iliwaachia askari 2009, DPP, yaani mkurugenzi wa mashtaka wa serikali, akakata rufaa, na 2016 Mahakama ya Rufani ikamrudisha mmoja wao na kumhukumu kunyongwa. Kwa juri ya Marekani kitu kama hicho hakipo.

Halafu kuna pale wanaposhindwa kukubaliana. Desemba 2016 huko Charleston juri ya Michael Slager, yule polisi aliyempiga Walter Scott risasi za mgongoni, ilikwama, na nikaona watu wanaandika "ameachiwa huru". Hakuachiwa. Kesi ilivunjika tu, waendesha mashtaka wana haki ya kuanza upya, na mwaka uliofuata mwenyewe alikiri kosa mahakama ya shirikisho akala miaka 20.

Kwa hiyo siku nyingine ukiona kimya kimekuwa kirefu, mwache jaji wa watu, andika tu juri bado haijakubaliana. Na "wazee wa baraza" ukipenda endelea kuwaita, magazeti yenyewe yanawaita hivyo, ila usituongezee kwamba ni washauri.