Kitoweo Kikibaki Peke Yake Sahanini

Siku ya kwanza nilipoandaa mlo usio na wanga kwangu, mume wangu alimaliza samaki changu wa nazi, akamaliza mchicha, akafuta vidole, kisha akauliza chakula kiko wapi. Sikuwa na la kumjibu. Kwetu chakula ni ugali, wali au ndizi. Vilivyobaki vyote ni kitoweo, hata kikiwa nusu kuku.

Mimi ni mtaalamu wa lishe, na wengi wanaonijia kliniki wana kisukari. Miaka ya mwanzo nilikuwa nawaambia "acha ugali", basi, anayefuata aingie. Mama mmoja akanirudia baada ya wiki mbili, amenuna. "Mwanangu, ugali nimeacha. Lakini ikifika saa kumi nakula maandazi manne." Nikamuuliza mchana anakula nini. Mchicha uleule, vijiko viwili vilevile, chumvi ileile.

Kosa lilikuwa langu. Mboga zetu hupikwa zisindikize tonge. Chumvi yake imekadiriwa kwa ugali usio na chumvi, mchuzi ni wa kuchovya, na kiasi ni cha kupitisha tonge kooni. Ukiondoa ugali, mboga ile haikutoshi tena, tena ina chumvi kali. Lazima ipikwe upya.

Kwa hiyo mimi hupunguza chumvi karibu nusu na kuongeza ndimu. Mchicha wa mtu mmoja ni fungu zima, maana ukishaiva unanywea ukabaki kiganja. Kisha lazima pawe na kitu cha kushibisha: samaki, mayai mawili matatu, kuku, dagaa, na mafuta au tui la kutosha. Anayeacha wanga na mafuta kwa mpigo ndiye huyo wa maandazi ya saa kumi.

Kinachokaa mahali pa wali kwangu ni kabichi. Ikate nyembamba kama ya kachumbari, inyunyizie chumvi kidogo, iache dakika kumi, kisha ikamue kwa mikono miwili mpaka maji yaishe. Karai liwe la moto kwelikweli, mafuta kidogo, kitunguu, halafu kabichi. Igeuze dakika tatu au nne, na usifunike! Ukifunika, mvuke unarudi ndani, kabichi inalegea na kunuka. Ikipikwa hivi inabaki na ugumu mdogo wa kutafuna, na mchuzi wa samaki ukimwagwa juu yake haiyeyuki.

Mchuzi wenyewe usiutie unga. Namenya biringanya moja, naichemsha na kitunguu na nyanya mpaka ivurugike, nainyweshea tui la pili, samaki anaiva humo. Tui la kwanza linaingia mwisho, moto mdogo, nakoroga bila kuacha lisikatike. Bamia nazo zinaupa mchuzi uzito. Ule utelezi wake siyo wanga.

Wengi hukosea kwenye wanga uliojificha. Maharage, kunde na dengu tunaviita mboga, lakini vina wanga mwingi. Siyo adui, sukari yake hupanda taratibu kuliko ya ugali, ila mlo wa maharage hauwezi kuitwa mlo usio na wanga. Korosho nazo zinao. Baadhi ya soseji na vidonge vya supu vimewekwa unga, soma pakiti.

Ukitaka kuona kwa macho, chukua iodini ya duka la dawa, ile ya kusafishia vidonda, izimue kwa maji, udondoshee tone kwenye kipande cha chakula. Nimewahi kufanya hivyo mezani kliniki. Ndizi mbichi iligeuka bluu nyeusi papo hapo. Punje ya haragwe iliyopasuliwa, vilevile. Kabichi ilibaki na rangi ya iodini tu. Ndizi iliyoiva mpaka ganda likawa na madoa haikubadilika sana, na mzee mmoja akafurahi, akadhani ameruhusiwa. Nikamwambia wanga umeondoka, lakini umegeuka sukari, babu. (Vipande hivyo vitupwe, visiliwe.)

Kwa wenye kisukari wanaotumia insulini au vidonge kama glibenklamidi: msianze jikoni, anzeni kwa daktari. Dawa hizo zimepimwa kwa mtu anayekula wanga. Ukiuondoa ghafla na dozi ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka ukatetemeka, ukatoka jasho, hata ukaanguka. Wajawazito na watoto siwapi mlo huu kabisa.

Wanangu mimi wanaendelea na ugali wao. Sipiki sufuria mbili za mchuzi, gesi ni pesa. Wanachota kwenye ileile ya biringanya. Wakilalamika chumvi haijakolea, nawasogezea ndimu.